Alirudi na uraia wa Marekani, usingizi akauacha Afghanistan

Shangazi yangu huamka saa kumi na moja alfajiri kukamua ng'ombe. Ndiyo saa anayopenda kumpigia mwanawe simu ya video, kwa sababu huko Texas huwa ni saa mbili au tatu usiku, kulingana na msimu, na jamaa anajiandaa kulala. Siku moja mwaka 2021 alipiga akakuta uso wa kijana wake umefunikwa na barakoa ya plastiki, bomba limetoka puani likapanda juu ya kichwa kama mkonga. Alikata simu, akaacha ng'ombe amesimama, akanipigia mimi Nairobi.

"Wamemweka kwa oksijeni na nyinyi hamniambii?"

Haikuwa oksijeni. Ilikuwa mashine inayosukuma hewa kooni usiku kucha ili njia ya pumzi isijifunge mtu akiwa amelala. Wenyewe huiita CPAP. Nilijaribu kumweleza hivyo, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kijana wa miaka 33, aliyekuwa akikimbia kutoka Njoro hadi Egerton na kurudi bila kuhema, pumzi yake imekatikia wapi?

Miaka mitatu baadaye swali hilohilo ndilo lililonikalisha mezani saa sita usiku, nikiandika ushahidi rasmi kwa serikali ya Marekani. Nitawaeleza ilivyokuwa. Binamu amekubali niandike, mradi nisitaje jina lake wala kikosi chake.

Najua wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mmewahi kucheza bahati nasibu ya Green Card. Yeye alishinda, akaingia Marekani mwaka 2010 akiwa na miaka 22, na baada ya miezi michache ya kuosha vyombo hotelini akaona bango la jeshi. Mwenye Green Card anaruhusiwa kujiunga. Enzi hizo kulikuwa hata na mpango mwingine, MAVNI, uliowachukua wageni wasio na Green Card lakini wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2016. Kuanzia 2009 jeshi la nchi kavu lilikuwa pia limeanza kuwapa makurutu uraia wakiwa bado kwenye mafunzo. Kwa hivyo binamu alikula kiapo cha uraia kabla hajajua vizuri kupanga kitanda chao. Kijijini tulichinja mbuzi.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya udereva wa lori. Kwetu hilo lilituliza roho, maana dereva si mtu wa kufyatua risasi. Hatukujua kwamba Afghanistan lori ndilo lililowindwa. Mwaka 2012 alipelekwa mkoa wa Kandahar, akawa anaendesha kwenye misafara ya mizigo katika barabara ambazo mabomu yalikuwa yakifukiwa kandokando. Lori la mbele yake liliwahi kurushwa. Hiyo ndiyo sentensi nzima ambayo amewahi kuniambia kuhusu siku hiyo, na sijamwomba ya pili.

"Niko poa"

Aliacha jeshi mwaka 2015. Desemba 2016 akaja nyumbani Krismasi, na sote tukaona kuna kitu, ila kila mtu alikiita jina lake. Mjomba alisema ni majivuno ya Marekani. Jirani mmoja alisema amerogwa, wivu wa ile gari aliyomnunulia babake. Shangazi alimpeleka kanisani akaombewa. Yeye mwenyewe ukimuuliza alikuwa na jibu moja: "Niko poa, cuzo."

Hili la "niko poa" lilimgharimu. Mwaka 2018, mkewe alipomlazimisha, alipeleka dai kwa idara ya wanajeshi wastaafu ya Marekani, ile wanayoiita VA. Dai lenyewe lilikuwa la PTSD, yaani maradhi ya kiwewe, ambayo madaktari wa Marekani waliyaingiza rasmi kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kuisha. Zamani mwanajeshi alitakiwa alete ushahidi mzito wa tukio lililomtia kiwewe. Tangu Julai 2010 kanuni imelegezwa kidogo: kama ulihudumu mahali ambapo kuogopa shambulio la adui kunaingia akilini, na daktari anayekubalika na VA akathibitisha kwamba hofu hiyo ndiyo chanzo, neno lako linaweza kutosha. Dereva wa Kandahar hakuhitaji kutafuta gazeti lililoandika habari za lori lake.

Lakini kuna uchunguzi wa daktari ambao lazima uufanyiwe. Binamu aliingia chumbani, akaulizwa hali. Sasa wewe unajua Mkenya akiulizwa hali husema nini. Hata akiwa amevunjika mguu atasema mzima, kisha baada ya dakika kumi ndipo atataja mguu. Binamu alisema yuko sawa, usingizi si mbaya, kazi inaendelea. Daktari aliandika alichosikia. Akapewa asilimia 30.

Asilimia ndiyo lugha ya mambo haya. Ulemavu wa akili hupimwa kwa ngazi za 0, 10, 30, 50, 70 au 100, na kila ngazi kuanzia 10 ina malipo yake ya kila mwezi, yasiyotozwa kodi. Mwaka 2020 aliomba apimwe upya, safari hii mkewe akiwa amemwandikia kwenye karatasi mambo ya kusema, akapandishwa hadi 50. Ukiongeza 10 ya mlio masikioni unaotokana na injini na milipuko, akafika 60.

Tulidhani hadithi imeisha hapo.

Ugonjwa unaozaa ugonjwa

Kiwewe hakikai kichwani peke yake, na mimi nilichukua muda mrefu kulielewa hilo. Mtu ambaye mwili wake umekwama kwenye tahadhari hulala kwa vipande vipande, moyo ukienda mbio saa ambazo wengine wanapumzika. Tumbo hukoroga. Meno husagana hadi yakapungua. Wengine hushikwa na kipandauso. Presha hupanda. Kisha dawa nazo huja na mambo yake: baadhi ya zile wanazopewa huongeza uzito, na kuna zinazopunguza nguvu za mwanamume kitandani, jambo ambalo vijana wa kiume huwa hawalitaji hadi ndoa iko pabaya. Halafu kuna chupa. Binamu, aliyekuwa mtu wa soda kwenye harusi, alianza kunywa ili alale, na pombe ya kulalia humwamsha mtu saa tisa usiku akiwa na kiu na hasira.

Kutoka kilo 68 alifika 104. Mkewe, ambaye hufanya kazi ya kuwatunza wazee usiku, ndiye aliyegundua kwamba mumewe akilala chali anakoroma kwa nguvu, kisha ananyamaza kabisa kwa sekunde kadhaa kama mtu aliyezama, kisha anashtuka akivuta hewa. Alipelekwa akalala hospitalini akiwa amebandikwa nyaya, na ndivyo mashine ile ilivyoingia nyumbani.

Sheria ya Marekani ina kipengele cha hali kama hii, na ni watu wachache niliowahi kusikia wakikitaja. Kinasema hivi: ukiwa na ugonjwa ambao tayari umekubaliwa kwamba ulitokana na utumishi jeshini, na ugonjwa huo ukazaa mwingine, huo wa pili nao huhesabiwa kuwa wa jeshini. Si lazima uwe ulianza ukiwa umevaa sare. Unaweza kuanza miaka sita baadaye ukiwa sebuleni. Na hata kama ulikuwa nao kutoka zamani, ila ugonjwa wa kwanza ukauzidisha, ile sehemu iliyozidi hulipwa. Hili la pili liliamuliwa na mahakama ya rufaa za wanajeshi wastaafu mwaka 1995.

Pombe ina hadithi yake. Kimsingi ulevi hauhesabiwi, sheria inauita utovu wa nidhamu wa mtu mwenyewe. Lakini mwaka 2001 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba kama ulevi umezaliwa na ugonjwa wa akili uliotoka jeshini, basi si kosa la mnywaji pekee, unaweza kuunganishwa nao. Unene nao VA haiuchukulii kama ulemavu. Ila mwaka 2017 wanasheria wake walikubali kwamba unene unaweza kuwa daraja: kiwewe kikaleta kula ovyo na kukaa ndani, hiyo ikaleta kilo, kilo zikaleta koo linalojifunga usiku. Ukiweza kuthibitisha kila nguzo ya daraja hilo, ugonjwa ulio ng'ambo unakubaliwa.

Kuthibitisha ndiko kwenye kazi.

Mwaka 2023 binamu aliomba mambo matatu yaunganishwe na PTSD yake: kukatika kwa pumzi usingizini, presha na tumbo. Alituma matokeo ya vipimo vyote, bahasha nzito, akaamini daktari yeyote ataona. Barua ikarudi na "hapana" tatu. Ukiisoma kwa utulivu (mimi niliisoma, yeye aliitupa) utaona haikatai kwamba ni mgonjwa. Inasema hakuna mahali popote ambapo mtaalamu ameeleza kwamba huu ulitokana na ule. Alikuwa ameleta kingo mbili za mto, daraja hakuleta.

Kinachotakiwa ni daktari aliyesoma faili aandike kwamba, angalau kwa kiwango sawa cha ndiyo na hapana, ugonjwa wa pili umesababishwa au umezidishwa na wa kwanza, na atoe sababu zake. Nusu kwa nusu inatosha. Sheria yao inasema ushahidi ukilingana pande zote mbili, mwanajeshi ndiye anayeshinda. Ila daktari akiandika sentensi moja bila kueleza alivyofikia hapo, barua hiyo haina uzito.

Hapo ndipo papa walipomnusa. Kuna kampuni zinazowapigia simu wanajeshi wastaafu na kuwaahidi asilimia 100, kwa ada ambayo huhesabiwa kwa miezi kadhaa ya nyongeza utakayopata. Moja ilimpigia binamu wiki ileile aliyopata barua, sijui walijuaje. Alikaribia kutia sahihi. Mkewe ndiye aliyeuliza kama wameidhinishwa na VA, na yule wa upande wa pili akaanza kuzungumza haraka. Kisheria hakuna anayeruhusiwa kumtoza mwanajeshi ada kwa kumwandalia dai la kwanza. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, na vyama vikubwa vya wanajeshi wastaafu kama American Legion, VFW na DAV vina watu walioidhinishwa wanaofanya kazi hiyo bure. Bure kabisa. Binamu alikuwa akipita nje ya ofisi ya kimoja kila siku akienda kazini, akidhani ni baa ya wazee.

Mzee aliyemkuta mle ndani alimweleza jambo la tarehe. Tangu Februari 2019, ukikataliwa una njia tatu: kuomba afisa wa ngazi ya juu aangalie upya faili ileile, kuleta ushahidi mpya, au kwenda mbele ya bodi ya rufaa. Ukichukua mojawapo ndani ya mwaka mmoja, ukishinda utalipwa kuanzia siku ya dai la mwanzo. Mwaka ukipita, unaanza upya na pesa za nyuma zimekwenda. Tangu ile barua ilikuwa imebaki miezi minne.

Ushahidi mpya ulihitajika. Daktari wa usingizi alikubali kuandika. Mkewe angeandika kuhusu usiku. Mzee akauliza: kuna mtu aliyekujua kabla ya vita, akakuona tena baada?

Ndipo simu yangu ikalia.

Nilichoandika mara ya kwanza

Tulilelewa pamoja. Likizo zote tulilala kwa cucu, watoto sita kwenye chumba kimoja, na binamu alikuwa akilala kama gunia la mahindi. Ungeweza kumburuta hadi nje, na tuliwahi kumburuta. Hakukoroma. Kwa hiyo nilikuwa shahidi mzuri, mtu wa kawaida anaruhusiwa kueleza alichoona na kusikia kwa macho na masikio yake, mradi asijifanye daktari. Kuna fomu ya jambo hilo, unaijaza, unatia sahihi kwamba unachosema ni kweli. Haijalishi uko Texas au uko Kayole.

Nikaandika ukurasa mmoja. Kwamba binamu yangu alikuwa mchangamfu, sasa amekuwa mkimya. Kwamba huonekana amechoka. Kwamba familia ina wasiwasi. Nikamtumia kwa WhatsApp.

Alinipigia baada ya saa moja. "Cuzo, hii ni barua ya kuombea mtu kazi."

"Unataka niandike nini?"

Akanyamaza. Kisha: "Andika ya Krismasi."

Sikujua kama anajua nilikuwepo.

Usiku wa tarehe 25 Desemba 2016 transfoma ya njia panda ililipuka. Ilikuwa imenyesha, tulikuwa nje chini ya hema tukila. Mlipuko ulipotokea sisi tulipiga kelele, kisha tukacheka, mnajua stima zetu. Binamu hakuwa amecheka. Alikuwa amelala kifudifudi matopeni akiwa amemfunika mtoto wa dadake wa miaka minne, amembana chini kwa uzito wake wote, na mtoto analia, na yeye hamwachilii. Wanaume watatu ndio waliomwinua. Mtoto alikaa na mkono uliovimba siku kadhaa. Mjomba alisema jamaa amelewa. Hakuwa amelewa, wakati huo alikuwa hanywi bado. Baadaye nilikwenda zizini kutafuta tochi nikamkuta amechuchumaa nyuma ya ng'ombe, analia bila sauti, ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nilirudi kinyumenyume. Siku zote zilizobaki alilala sakafuni, mgongo ukiwa umeegemea mlango wa chumba, viatu mguuni. Najua kwa sababu chumba kilikuwa changu, nilikuwa nimempisha, na asubuhi nikitaka nguo zangu mlango haukufunguka.

Hayo yote nilikuwa nayo. Kwa miaka minane sikumwambia mtu, nilidhani ndiyo heshima.

Nilipoanza kuandika upya nilifanya kosa la kumuuliza shangazi tarehe kamili aliyorudi Marekani. Akataka kujua ni ya nini. Nikamweleza. Tata yangu ni mtu mpole, lakini siku hiyo alinigeukia.

"Unaiandikia serikali ya Marekani kwamba mtoto wangu ni mwendawazimu?"

"Tata, tayari wanajua ana PTSD. Wamekubali."

"Wanajua kwa siri ya daktari. Wewe unaandika kwamba alilia zizini. Siku wakitaka kumnyang'anya watoto watasoma karatasi yako."

Sikumlaumu. Katika boma letu mwanamume akilia ni siri ya kuzikwa nayo. Babu wa babu zetu upande huo aliwahi kupelekwa Burma na jeshi la King's African Rifles, na kilichobaki kwenye masimulizi ya familia ni kwamba alirudi "mkali". Mkali tu. Wake zake walijua alirudi na nini. Hakuna aliyewauliza. Na ukitaka la karibu zaidi, Oktoba 2011 vijana wetu wenyewe waliingia Somalia, Januari 2016 ikatokea El Adde, na mpaka leo kwenye matanga tunazungumzia waliokufa. Waliorudi tunawaambia washukuru Mungu. Nikipata nafasi hilo litakuwa na makala yake.

Nilimpa shangazi simu, nikampigia binamu, nikatoka nje. Sijui waliongea nini. Ilichukua nusu saa. Aliporudi alinipa simu na tarehe: Januari 9, 2017. Kisha akasema kitu ambacho nilikiandika vilevile kwenye fomu yangu, kwa ruhusa yake, kama jambo nililosikia kutoka kwake: kwamba kabla hajaondoka alimkuta jikoni saa tisa usiku akiwa amesimama gizani, amevaa, akihesabu madirisha.

Nilituma kurasa tatu. Mkewe alituma mbili, na alirekodi mkoromo kwa simu. Daktari alituma nne, zenye kilo za kila mwaka tangu 2015 zilizochukuliwa kwenye faili yake, moja baada ya nyingine, na maelezo ya jinsi zilivyopanda pamoja na dawa na ndoto za usiku. Zilifika wiki tatu kabla ya mwaka kwisha.

Hesabu za ajabu

Uamuzi ulikuja nusunusu. Tumbo limekubaliwa, asilimia 10. Presha imekataliwa, daktari aliyempima aliona inatokana na ukoo, na kusema kweli babake na mamake wote wana presha, hiyo sina ugomvi nayo. Ya pumzi usingizini imerudishwa kwa mpimaji aeleze vizuri zaidi, kwa kuwa aliizungumzia chumvi na kilo bila kusema kilo zimetoka wapi.

Tulishangilia ile 10. Kisha binamu akatazama malipo yake ya mwezi uliofuata na hakuna senti iliyoongezeka.

Hapa hata mimi niliyepata B ya hesabu nilikaa chini. VA haijumlishi asilimia kama sisi. Wanachukua mtu kuwa mzima kwa 100. Ulemavu wa 50 ukitoka, amebaki 50. Masikio 10 hukatwa kwenye hiyo 50 iliyobaki, kwa hivyo ni 5, jumla 55, inayosukumwa juu kuwa 60. Tumbo 10 hukatwa kwenye 45 iliyobaki, inakuwa 4.5, jumla 59.5, inakuwa 60. Alikuwa 60, amebaki 60. Kwa viwango vya 2025, mtu wa 60 asiye na wategemezi alikuwa akipata dola 1,395.93 kwa mwezi, kama Sh180,000. Najua unavyowaza ukisoma nambari hiyo ukiwa Roysambu. Kodi ya nyumba yake inakula zaidi ya hiyo.

Pumzi ndiyo yenye uzito. Kwa kanuni iliyopo, anayehitaji mashine ya CPAP hupewa 50. VA ilipendekeza mwaka 2022 kuibadilisha kanuni hiyo, ikitaka kutazama zaidi kama mashine inamsaidia mtu, ndiyo maana wengi wanaharakisha madai yao. Hamsini nyingine ingempeleka binamu hadi 80, na malipo ya dola 2,044.89 kwa viwango hivyo vya 2025, kabla ya kuhesabu nyongeza ya mke na watoto.

Nilimuuliza kama ndiyo sababu anang'ang'ana. Akasema pesa ni sawa, lakini si hiyo.

Anataka kurudi Njoro. Amenunua ekari moja jirani na ya babake na anataka kufuga. Malipo ya ulemavu yatamfuata popote atakapoishi, hiyo haina shida. Matibabu ndiyo shida. Akiwa Marekani, kwa kuwa amefika 50, VA humtibu karibu kila kitu bila malipo. Akihamia Kenya atategemea mpango wao wa matibabu ya nje ya nchi, na huo unagharamia magonjwa yaliyokubaliwa kuwa ya jeshini na yale yanayohusiana nayo na kuyazidisha. Hospitali ya Nakuru ikimpa dawa ya tumbo, sasa anaweza kudai pesa zake. Ile 10 isiyoongeza senti imefanya hivyo. Lakini pumzi isipounganishwa, barakoa zikichakaa, mashine ikiharibika, mtaalamu wa usingizi Nairobi akitaka ada yake, ni mfuko wake.

"Siwezi kuja kulala kwa mamangu bila mashine," aliniambia. "Nikinyamaza usiku atadhani nimekufa."

Shangazi siku hizi anajua jina la mashine. Huitamka "sipapu". Amemuuliza fundi wa stima wa hapo sokoni bei ya betri itakayoiendesha transfoma ikizima, na fundi ameandika kwenye kikaratasi ambacho amekiweka ndani ya Biblia. Jumapili iliyopita aliniuliza kama ile barua ya mpimaji imejibiwa. Nikamwambia bado. Akaniuliza kama yangu waliisoma yote, hata pale pa zizini.

Nikamwambia waliitaja kwenye orodha ya ushahidi waliopokea, namba saba.

"Namba saba," akasema, akaenda kukamua.